Mstari wa Asubuhi

Chedego, wewe ni mpimaji.
Miaka tisa sokoni Kibaigwa, vumbi la mahindi kwenye kope,
na hakuna mkulima wa Mlali wala wa Pandambili
aliyewahi kukulalamikia kwa kilo moja.
Ulinifundisha mwenyewe, mwaka ule tulipooana:
kabla hujapandisha gunia, tazama mshale.
Usipokaa kwenye sifuri, kila utakachotamka baadaye ni uongo,
hata kama huna nia mbaya.

Sasa nisikilize.

Kile kijiti nilikinunua kwa mkono wangu
kwenye duka la dawa mkabala na maegesho ya malori,
ndani ya kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane,
mwezi wa kumi, bati juu, feni imekufa.
Sikutazama tarehe. Nani hutazama tarehe?
Muuzaji alikifunga kwenye gazeti kama samaki,
akasema, "Maelekezo yamo ndani, mama."
Na kweli yalikuwemo, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Niliyasoma kwa tochi ya simu, umeme umekatika,
wewe uko zamu ya usiku, unalinda magunia ya watu.

Pitisha kwenye ufizi wa juu, mara moja.
Wa chini, mara moja.
Tumbukiza. Subiri dakika ishirini.
Nilisubiri, jicho kwenye saa ya simu,
chaji asilimia nne.
Mstari ulikuwa mmoja, Chedego. Mmoja,
mwekundu, pale juu panapostahili,
kama uzi wa kwanza wa mshono.
Nikakiacha dirishani
nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Kosa langu ni hilo dirisha.

Maana chini kabisa, kwenye kunjo la karatasi,
paliandikwa: zikipita dakika arobaini, usisome.
Upepo wa Kongwa haujui kusoma.
Ulikikausha usiku kucha
ukachora mstari wa pili, hafifu,
mkwaruzo wa ukucha kwenye ngozi isiyopakwa mafuta.
Ukarudi alfajiri, ukaukuta.
Hukuniamsha.
Nilisikia pikipiki tu.

Siku ya tatu mama yako alifuata nguo zako.
Nikamtengea maji. Alikitazama kikombe
akasema ameshakunywa njiani.

Kituo cha afya, Bwana Mtinangi wa maabara
hakuniuliza nimelala na nani.
Aliuliza: kilikaa wapi? Ulikisoma saa ngapi?
Ganda lake unalo?
Nililo nalo tarehe ilikuwa imefutika
kwa jasho la kiganja changu.
Akanichoma kidole, akaandika, akasubiri pamoja nami.
"Hiki kijiti si hakimu," alisema, "ni mpiga hodi.
Akibisha, unakuja hapa, tunafungua mlango wote tutazame nani.
Na asipobisha, usijifungie ndani ukasema hakuna mtu."
Akanipa miezi mitatu.
Miezi mitatu, Chedego, nilishona sare za shule
na kila sindano iliyonigusa niliitazama mara mbili.
Nikarudi. Damu yangu haina kitu.
Karatasi ina muhuri, kama ule wa watu wa vipimo
wanaokuja kila mwaka kukagua mizani yako.

Sikutumii hiyo karatasi.

Nasikia uko Singida, unapima vitunguu,
na kwamba hata huko, kabla jua halijapanda,
unaigonga mizani kwa kidole, mshale urudi sifuri,
na wachuuzi wanakusifu.
Mimi nimepimwa. Wewe je?
Au ulidhani siku ile ulikuwa unasoma mstari wangu peke yangu?

Kijiti bado ninacho, kwenye kopo la vifungo.
Huwa nakitoa nikitafuta kifungo cheupe.
Mistari yote miwili ipo.
Haimwambii mtu kitu.