Siku Saba za Nyongeza

Siku za mwizi ni arobaini,
za kuku ni ishirini na moja,
na Kisigino alizihesabu vizuri kuliko mimi.
Siku ya ishirini na mbili alisimama juu ya mayai,
akanitazama kwa jicho moja
kama mteja aliyepunjwa kwenye mizani.
Nikamwambia: bado, mama. Haya si yako.
Haya ni ya bata mzinga, yule jike wa kijivu
ambaye mbwa wa Don Hilario walimfukuza hadi kwenye mahindi,
tukaokota manyoya tu.
Haya yanataka ishirini na nane.
Nikamlisha punje mkononi,
nikamfunika kwa kapu,
nikaweka jiwe juu ya kapu.
Mungu anisamehe lile jiwe.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake.
Juu ya yai la mwingine hawakusema kitu.

Wakatoka sita kati ya tisa,
asubuhi ambayo mlima Malinche ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani.
Shingo ndefu, miguu njiti za kibiriti.
Kifaranga wa kuku huzaliwa na njaa;
hawa walizaliwa na mshangao.
Wanaweza kufa chakula kikiwa chini ya pua.
Nazario, mtoto wa kaka yangu,
akaleta gololi zake mbili, ya buluu na ya kijani,
akazitupa katikati ya pumba.
Wakaudonoa mng'ao, wakaukosa,
wakapata pumba.
Na Kisigino pembeni: ko, ko, ko,
anaokota punje, anaiangusha, anaiokota tena,
mwalimu wa darasa la kwanza asiyechoka.

Mvua ya mawe ilikuja saa tisa mchana.
Mama alikimbilia chini ya mkokoteni akiita;
wao walisimama tu, wakilowa.
Wawili tuliwaweka kwenye tanuri la mikate, mlango wazi.
Mmoja alirudi.

Kisha daktari wa mifugo akaja kutoka Huamantla,
binti wa watu, Briseida, buti zake safi bado.
Akasema: kuku hubeba kijidudu kisichomdhuru,
kikimwingia bata mzinga hula ini.
Ukiona choo cha njano kama haradali, umechelewa.
Watenganishe.
Nikamuuliza: na nani atawafundisha kula?
Akaandika bei ya dawa.

Niliwatenga. Siku tatu
Kisigino alitembea kando ya wavu, huku na huku,
hadi udongo ukafanya mfereji.
Siku ya nne nikafungua.
Tangu hapo nimekuwa mtumwa wa koleo na chokaa,
alfajiri na jioni, mgongo wangu shahidi.
Hata hivyo mmoja alikwenda na haradali yake.
Simlaumu kuku. Briseida pia simlaumu.

Mwezi wa nane walikuwa wanne,
kila mmoja mzito kuliko mama,
na bado usiku walijisukuma chini ya mbawa zake
hadi miguu yake ikaning'inia hewani.
Alilala hivyo, amebebwa na alioatamia.

Jumapili kaka yangu hupiga simu kutoka Kansas.
Huuliza mtoto ni mrefu kiasi gani sasa.
Namwambia namba ya viatu.
Hunyamaza, kisha huuliza habari za mvua.

Jana wale wanne walipanda mkapulini.
Hakuna aliyewafundisha; kuku wangu hapandi mti.
Tawi kwa tawi, wazito, wakipiga makelele,
hadi wakawa vivuli vinne juu ya paa.
Kisigino aliita kutoka chini. Ko, ko.
Walishusha shingo wakamtazama,
kwa adabu, nadhani,
wakabaki walipo.

Usiku mvua ikaanza.
Nilipochungulia alikuwa bado shinani,
amejikunyata, ameyatanua mabawa
juu ya majani makavu na matope.
Nazario alikuwa amelala, miguu nje ya blanketi.
Nikatoka na kapu lile lile,
nikamfunika.
Jiwe nililiona pale lilipo, karibu na mlango.
Nikaliruka.