Ziwa la Juu ya Jiwe

Mchanga unamwagwa chini, pale lori linapokata tamaa.
Kuanzia hapo gari ni shingo yangu.
Ndoo kumi na nane kwa siku, hadi kwenye msingi wa Lugembe,
aliyenunua kiwanja karibu na mawingu.
Ndoo moja, mia tatu. Saruji tunapatana.

Njia ina majina, ila ramani haiyajui.
Kwanza Guno, ngazi arobaini za mawe,
halafu Mgongo wa Kenge, unaoteleza hata kiangazi,
halafu Mlango wa Nkwimba:
majabali mawili yaliyonuniana, yakaacha upenyo,
na Nkwimba, mimba ya miezi minane, ndoo kichwani,
akakwama katikati,
akacheka mpaka akapita.
Tangu siku ile tunapita ubavu,
pumzi tumeimeza, kiganja kinapapasa jiwe
lililolainishwa na mabega yetu.

Ukishatoka, upepo ni mwingine.
Mabati ya Igogo yamelala chini kama dagaa juani,
na Nyanza lenyewe, pana, halina haja na mtu.

Mwanangu Sayi, darasa la tano, aliulizwa kwenye jaribio:
taja ziwa moja lililo juu mlimani.
Akaandika:
*Lipo juu ya jiwe, nyuma ya nyumba ya Mama Holo.
Upana, hatua nne na nusu. Kina, goti.
Huzaliwa mwezi Machi.
Wakazi wake ni viluwiluwi. Pimbi huja jioni kunywa.*
Mwalimu akapiga mkasi wa wino mwekundu,
mguu wake mmoja ukamkanyaga pimbi.

Sikwenda shule kugombana. Nilipanda jiweni.
Nne na nusu, kweli.
Goti, lakini lake, si langu.
Wingu lilikuwa humo, limelala chali.

Ikaja Juni.
Jua likawa linawahi kabla ya pimbi.
Ziwa likabaki ungo,
kisha sahani,
viluwiluwi wamerundikana, wengine wana miguu miwili tu,
bado hawajaamua.

Siku hiyo nilibeba maji, si mchanga:
zege la Lugembe lilikuwa na kiu.
Ndoo ya kumi na nane niliipitisha Mlango wa Nkwimba
bila kumwaga tone.
Njia ya kwake ni kulia.
Miguu ikashika kushoto.

Niliinama.
Maji ya ziwa la chini yakaingia ziwa la juu
taratibu, yakizunguka
kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

Lugembe akahesabu. Kumi na saba.
Nikasema ndiyo, kumi na saba.

Jioni Sayi akashuka mbio, magoti yamelowa:
Mama, limeongezeka, na mvua haijanyesha!
Nikaendelea kuchambua mchicha.
Nikamwambia aandike tarehe.