Mizani ya Wilson

Saa kumi na moja alfajiri, Lang'ata haijapiga miayo,
abiria wa kwanza ni miraa.
Haiulizwi kitambulisho.
Inapanda imevikwa majani ya mgomba, umande ungali juu yake,
inaondoka kwenda Wajir mbiombio kama deni linaloiva.

Halafu wanakuja watu, na mimi ndiye wa mizani.
Nchi hii nimeijua kwa kilo kuliko kwa sura:
mwalimu wa Mandera, sabini na mbili, na kreti ya chaki;
wakili wa Kisumu, mia na nne, anayevuta tumbo ndani
kana kwamba mshale una haya.

Nauli nafuu, husema bango pale langoni.
Ni nafuu, naam, mpaka uje na mzigo.
Kiti kina bei yake, begi bei yake,
maji ya kunywa nayo yana yake.
Pumzi bado haijatozwa, na Muendo wa tiketi
hunikataza kuitaja kwa sauti, meneja asije akasikia.

Jumanne alikuja Lokwawi, bawabu wa usiku huko Kilimani,
koti la kazini bado mwilini,
anakwenda Lodwar, mara yake ya kwanza angani.
Gunia lake lilitua juu ya mizani, chuma kikalia.
"Umebeba nini?"
"Jina la ndugu yangu."

Nikafungua. Jiwe.
Fundi wa Kariobangi alilichonga, akazipaka herufi dhahabu,
akasahau *w* moja, akaibana juu baadaye, ndogo,
kama mtoto aliyechelewa kupigwa picha.

Ishirini na tatu.
Ruhusa ni kumi na tano.
Nane za ziada, kila moja shilingi mia na hamsini,
na mfukoni mwake, alinionyesha, mlikuwa na mia tatu
na ufunguo wa geti la watu.

"Panda wewe sasa," nikamwambia. Ndege ndogo hupima kila kitu.
Akapanda na koti, na viatu, na simu, na usiku mzima wa kutolala.
Arobaini na tisa.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti:
mtu na jiwe lake, sabini na mbili.
Sawa na yule mwalimu, bila chaki.
Wakili angewabeba wote wawili
na bado zikabaki kilo thelathini na mbili za suti.
Lakini kompyuta haina kisanduku cha kujumlisha
aliyekonda na alichobeba.

Kwenye karatasi ya kampuni nikaandika kumi na tano.
Kwenye karatasi ya rubani nikaandika ishirini na tatu,
maana kampuni unaweza kuidanganya, hewa huiwezi.
Kapteni Halake akazisoma zote mbili,
akanitazama, akakunja moja,
akaitia kwenye soksi.

Nyuma yangu Muendo alikuwa anafuta ubao kwa mkono wa sweta.
Kitale imeondolewa, kuanzia Jumatatu:
viti vitatu kati ya kumi na viwili haviwezi kununua mafuta.
Nilikuwa nimeweka akiba ya tiketi moja,
ya mama, aje apimwe macho.
Ya kwenda, tu. Ya kurudi tungeona.
Ilibaki *K*, sweta halikuifikia.

"Dada," Lokwawi aliuliza mlangoni,
"kule juu, jiwe linakuwa zito vilevile?"
Nikamwambia sijui.
Miaka sita nipo hapa, sijapanda.

Wakafukuza korongo wawili njiani, rafadha zikashika,
ndege ikapita juu ya mabati ya Kibera
ikiwa imeinamisha bawa moja kidogo,
upande wa jiwe, nilifikiri, ingawa sivyo lilivyopangwa.

Nikaurudisha mshale kwenye sufuri.
Haukai vizuri, huwa unatetemeka.
Aliyefuata alikuwa na godoro.