Hodi Haina Mwenyewe

Mashine yenyewe ni ndogo, haizidi mkate wa gramu mia nne.
Mwende aliinunua River Road, ya mtumba, haina mfuniko,
akaiegemeza dirishani, Umoja, ghorofa ya tano, ipate baridi.
Taa yake ya kijani hupepesa usiku kucha
kama mtu anayehesabu kimoyomoyo.

Humo ndani tunaishi watu mia mbili na kumi na mmoja.
Tulikuwa mia sita.

Mimi nilihamia baada ya kule kwa wakubwa kunifungia.
Miaka tisa; asubuhi moja nikakuta kufuli,
bila notisi, bila keretaka wa kumlilia,
na sauti ya marehemu kaka yangu Barasa imebaki ndani,
sekunde kumi na nne, akiucheka ugali wangu.
Nikaandika barua. Ikajibiwa na kitu kisicho na pua
kikinishukuru kwa uvumilivu.

Basi Mwende aliposema njoo, huku hakuna mwenye ploti,
nilibeba jina langu tu, nikaja.

Hakuniambia kwamba pasipo mwenye ploti
choo huzibuliwa na wapangaji.

Tokeni za stima tunachanga. Kerubo hutuma hamsini kila Ijumaa,
wengine hutuma kikatuni cha viganja vilivyoshikana.
Stima ikipotea Umoja tunapotea sote,
na wa Kisumu hudhani tumenuna.

Kisha akaja yule wa matusi.
Alianza na kabila la Kerubo, akamalizia na mama yake.
Kule tungelaumu ofisi iliyo mbali.
Hapa ofisi ilikuwa kidole changu.
Siku tatu tulibishana: tukimtoa, tofauti yetu na wale ni ipi?
Kerubo hakubishana. Alinyamaza,
na hamsini ya Ijumaa haikuja.
Nilimtoa usiku wa nne, yaani nilichelewa siku nne.
Nyumba ya Kisumu ilikuwa imeshatufungia mlango,
na walikuwa na haki.

Watu hurudi kule. Siwalaumu.
Harusi ziko kule, misiba iko kule,
Nekesa anaoka keki, na msimamo haununui keki.

Lakini hodi haina mwenyewe.
Unaipiga Kawangware, unaipiga Lodwar,
kwenye mlango wa mabati, kwenye lango la Runda,
na aliye ndani anajua la kufanya:
akaribishe, aulize nani,
au azime taa ajifanye hayupo.
Hebu fikiria ingekuwa ya kampuni moja:
ingesikika tu kwa jirani aliyejisajili kwao,
na kabla ya karibu, tangazo la sabuni.

Jana saa nane usiku stima ilirudi.
Mashine ikakohoa, ikajikusanya, ikaanza kupokea
vilivyokuwa vikisubiri nje: jumbe arobaini na moja.
Thelathini na tisa zinauza dawa za nguvu.
Moja ya Kisumu: Tumewafungulia. Tutaona.
Ya mwisho imetoka kwa mtu nisiyemjua, mashine nisiyoijua,
neno moja tu na nukta tatu.
Hodi...

Sikujibu papo hapo.
Nilimwamsha Mwende, tukasoma mita kwa tochi ya simu:
yuniti sita nukta mbili.
Zitafika Jumapili, labda.
Nikaandika: Karibu. Vua viatu.