Saba Isiyo na Mshipi

Saa tisa usiku, Khayega, ukumbi wa chuo cha ufundi.
Stima imekatika mara mbili. Cheti nimekwisha kukiandaa,
jina la Lihanda limechapwa,
bado sahihi yangu na muhuri.
Huko barabarani wafuasi wake wameshachinja.
Tofauti: kura sitini na tatu.

Ndipo akaingia Perpetua Muhonja, gumboti zimelowa tope,
na lalamiko lake kwenye karatasi
iliyochanwa katika daftari la mtoto.
Hakupiga kelele. Wakala wake ndiye aliyepiga,
mpaka askari akasimama.
Yeye alisema tu:
"Shikhulu mmeniandikia mia na kumi na moja.
Shikhulu nilipata mia na sabini na moja.
Dada, mmenilia sitini."

Nikaitoa fomu ya Shikhulu kwenye bahasha.
Safu ya maneno ilikuwa imelowa, wino umekimbia.
Safu ya tarakimu: moja, kijiti, moja.
Kijiti kile cha katikati kimeinama kidogo kichwani
kama mtu anayepita mlango mfupi.

Mwandiko niliujua kabla sijasoma jina.
Mwalimu Ambani, hesabu, darasa la sita.
Saba ivae mshipi, alikuwa akituambia,
saba isiyo na mshipi itajiita moja mbele za watu.
Viganja vyangu vililipia saba nyingi zilizo uchi.

Na hii hapa, uchi.

Nikampigia. Mteja hapatikani.
Wakili wa Lihanda akagonga meza: "Fomu ni fomu. Tangaza."
Ni kweli, fomu ni fomu.
Lakini nakala moja hubandikwa mlangoni mwa kituo,
apite nani, asome nani.
Nikasema: twendeni mlangoni.

Chimwani aliendesha. Mawakala wawili kiti cha nyuma,
magoti yamegusana, kila mmoja anatazama giza la upande wake.
Tulipovuka mto, yule wa Lihanda alitoa njugu mfukoni.
Mwenzake akachukua. Hawakusemezana.

Darasa la sita. Fomu imegandishwa kwa uji,
pembe moja inapepea.
Tochi.
*Mia moja sabini na moja.*
Mbwa wa jirani alibweka, akachoka, akaacha.

Kulipopambazuka Mwalimu alifika kwa baiskeli,
na shati lilelile la jana.
Sikumwamkia. Nilimuuliza.
Aliitazama tarakimu yake muda mrefu.
"Niliandika saa saba usiku, kwa mwanga wa simu, nimesimama."
Kisha, kwa sauti ya darasani:
"Usinifiche. Andika kosa ni la nani."
Nikaandika.

Tukajumlisha upya, kwa sauti, kituo baada ya kituo.
Lihanda alishinda kwa kura tatu.

Alikipokea cheti kwa mikono miwili, hakukiinua juu.
Nje ngoma ilianza, ikapotea njia, ikanyamaza.

Muhonja alitia sahihi. Nikamweleza
kwamba ana siku ishirini na nane za kwenda mahakamani.
"Nitafikiri," akasema. "Ila wale sitini walinyeshewa,
wako foleni tangu saa kumi na moja alfajiri.
Nikiwakuta sokoni ningewaambia nini?
Kwamba hawakuja?"

Sasa ukumbi ni mtupu. Kuna vikombe, kuna mifupa ya kuku,
kiatu kimoja cha mtu nisiyemjua.
Nafunga faili.
Lalamiko namba moja. Uamuzi: limekubaliwa.
Mshindi: ni yuleyule.

Nikaigeuza karatasi ya Muhonja.
Nyuma yake, kwa penseli:
8 × 7 = 54.
Jibu si kweli,
lakini saba yake imevaa mshipi.

Nikashika kalamu nimsahihishie mtoto wa watu.
Nikakumbuka: huu sasa ni ushahidi.
Nikaurudisha kwenye bahasha
pamoja na kosa lake,
nikapiga lakiri.