Nukta Niliyoisogeza

Kabatini, Cochabamba, ghorofa ya pili,
ukoo wa mpungate umelala magazetini.
Ukame haukuwahi kuwatisha hawa;
ni sisi tuliowabana, tukawashona kwenye karatasi,
tukawaandikia anwani.

Kazi yangu ni kugeuza anwani iwe nukta.
"Camargo, kilomita kumi na mbili, baada ya daraja."
Daraja lipi? La kwanza lilibebwa na mto,
wakajenga jingine huku juu.
"Nyuma ya nyumba ya Macedonio, jabali jekundu."
Macedonio amekufa zamani,
na majabali ya huku yote mekundu.
Napiga nukta. Pembeni naandika: shaka, mita elfu mbili.

Miezi minane, nukta elfu nne na ushei.
Profesa Zenteno akabonyeza, ramani ikawaka:
buluu palipo na spishi chache, kisha manjano,
kisha wekundu, pale ukoo unapobanana.
"Tazama kitovu chao!" akasema.
Nikatazama.
Wekundu ulikuwa mrefu, mwembamba, wenye kona.
Kona moja niliijua. Nilitapika pale, basini,
nikiwa na miaka sita.

Tulikuwa tumechora barabara:
mahali wasomi waliposhuka kujinyoosha,
wakakojoa, wakaona mmea, wakang'oa.
Na ule weupe mpana wa mashariki
ulikuwa uvivu wa miguu yetu.

Agosti nikapanda huko na Casimira Llanque,
mchunga mbuzi, mwenye redio isiyo na betri.
Ramani yangu aliikunja, akaikalia.
"Huyu, mbuzi akimlamba, mdomo huvimba.
Huyu humenywa, akatiwa sukari.
Huyu tulimchoma miiba mwaka wa njaa,
tukawalisha ng'ombe."
Mimi naandika namba, yeye anataja majina
kama atajaye wajukuu, pamoja na makosa yao.

Adhuhuri akanishika mkono. "Usikanyage."
Changarawe tu.
Akainama, akapuliza vumbi,
kikatokea kitu mfano wa kifungo cha koti,
cha kahawia, kimejikunyata ardhini
kikingoja mvua za Desemba.
Nikatambaa. Cha pili. Cha tisa.
Toka jiwe lile hadi ukingo wa korongo, hatua sitini.
Ng'ambo ya korongo, hakuna hata kimoja.
"Kwa nini hapa tu?"
"Wewe kwa nini ulizaliwa kwenu?"

Ukoo wenye ndugu hadi theluji za Kanada,
wenye ndugu kwenye upepo wa Patagonia,
na mmoja, mlegevu, wa kuning'inia mitini,
aliyevuka bahari hadi Afrika,
tumboni mwa ndege, husema wengine;
hakuna aliyemwona akivuka.
Na huyu, hatua sitini.

Kifaa kikanipa tarakimu, usahihi wa mita nne.
Casimira akaniangalia ninavyozinakili.
"Hizo atazisoma nani?"
Nikasema: yeyote.
Akanyamaza, akafunga kamba ya kiatu, akaifungua.
"Walikuja wawili na magunia.
Walilipa kwa kichwa, watoto wakachimba siku tatu.
Kilima cha dada yangu kimebaki mashimo."

Cochabamba. Kiashirio kinapepesa kwenye kioo.
Nimeisogeza nukta kilomita kumi na moja,
ikaangukia jabali tupu, jekundu kama mengine.
Pembeni nimeandika: shaka.
Profesa anauliza mtu mwenye kifaa kizuri vile
ameupata wapi wasiwasi mkubwa hivi.
Nimemwambia mlima ulikuwa na mawingu.
Agosti, mawingu! Hakunijibu.
Namba za kweli zipo kwa penseli,
nyuma ya gazeti lenye matokeo ya mpira,
kabati la nne. Sijui kama nimelinda
au nimeharibu kazi ya miezi minane.

Jana simu ya mpwa wake Casimira
imeniletea ujumbe mfupi:
"Vimechanua. Mbuzi nimewapitishia chini."