Siku Ishirini na Nane

Kwa Mbarouk mwenye steshenari, hapa Limbani, Wete,
kompyuta ni moja na foleni imefika barazani.
Fomu imefunguka. Chaguo la kwanza: tupu.
Kishale kinanikonyeza. Mtandao umekwenda kulala,
nami nimepewa muda wa kufikiri
ambao sikuuomba.

Mama kasema uuguzi.
Kaka Shaame kapiga simu kutoka Unguja:
"Kama ni ujenzi, basi soma uhandisi kamili,
wa mahesabu mazito, uitwe injinia.
Hiyo teknolojia ya uhandisi ujenzi ni kitu gani?
Nusu fundi, nusu mhandisi.
Popo: ndege si ndege, mnyama si mnyama."

Popo. Nimelibeba neno hilo siku tatu
kama kokoto ndani ya kiatu.

Banda la skuli yetu, lile la karibu na bilula,
ramani yake ilikuwa safi. Niliiona
ofisini kwa mwalimu mkuu, ina mihuri mitatu.
Mafundi nao hawakuwa wababaishaji;
baba alikuwa mmoja wao,
akipiga lipu, ukuta hulainika kama shavu.
Lakini mchanga ulitoka pwani, usiku,
maji yakatoka kisima cha chumvi,
na kati ya karatasi na koleo
hapakuwa na mtu wa kusema: ngojeni kwanza.

Miaka sita.
Nondo zikavimba ndani kwa ndani,
zege likachanika, linta ikashuka
juu ya madawati ya darasa la nne.
Alhamdulillahi ilikuwa Jumapili.
Baba alikwenda, akaokota kipande,
akakipangusa kwa kanzu
akakilamba.
Akatema. Akanipa:
"Onja."

Nilichagua siku ile,
nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ulimi wa chumvi.

Ukija upande wa vyuo, nimeuliza yangu.
Nimesoma orodha ya masomo kama mtu asomaye deni:
udongo, upimaji, makadirio, mikataba,
usalama wa watu wanaopanda jukwaa.
Na hili nililolirudia mara mbili:
zege humiminwa katika kibweta cha chuma,
mchemraba wake ukalazwa majini siku ishirini na nane,
kisha ukabanwa na mashine hadi upasuke,
ndipo ijulikane lilikuwa na nguvu kiasi gani.
Nikacheka peke yangu.
Kumbe zege nalo lina arubaini yake,
imepunguzwa siku kumi na mbili.

Nilipiga simu chuoni.
"Maabara mnayo, au mna picha yake?"
Bibi wa upande wa pili akacheka: "Njoo uone."
"Na kazi za vitendo, ni miezi ya kweli
au ni kusainiwa daftari?"
Akanyamaza kidogo. "Inategemea utakapopangiwa."
Nikampenda kwa jibu hilo.
"Wasichana wangapi mwaka huu?"
"Watatu."

Ada sijui itatoka wapi. Mkopo nitaomba,
na karafuu za shamba la Kangagani
mwaka huu hazikuchanua vizuri.
Sisemi nimemaliza kuogopa.

Lakini kaka, umesahau jambo moja:
ndege hulijua paa kwa juu,
mnyama hulijua kivuli chake.
Popo ndiye alijuaye dari
kutoka ndani, ufa kwa ufa.

"Umerudi!" Mbarouk anapiga kelele,
na foleni nzima inasogea kama mtu mmoja.
Naandika, herufi moja moja, nisikosee.
Chaguo la pili naweka uuguzi,
kwa ajili ya mama, apate la kuombea.

"Kuchapisha mia tano."
Nimetoa noti ya baba, ya elfu moja,
ina alama ya kidole cha saruji pembeni.
Namwambia Mbarouk chenji anirudishie,
noti hii nitailipia kwa nyingine kesho.